Vitabu Vipo Mtandaoni, Watoto Wetu Wavisome

(Mazungumzo yaliyosomwa kwa niaba ya wanachama katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya kikundi, Bariadi)

Waliotutangulia kusema wamekwisha kueleza habari za hisa, mikopo na marejesho, nasi hatutayarudia. Tumepewa kazi ya kuzungumzia watoto wetu na kusoma, na jinsi vitabu vilivyomo kwenye mtandao vinavyoweza kuzisaidia shule zetu. Tunajua wapo wanaonong'onezana hapo nyuma: jamani, kikundi cha kuweka na kukopa na intaneti wapi na wapi? Tunaomba subira kidogo, tutafika.

Kwa nini jambo hili ni letu

Katika kila kikao tunapiga mihuri kwenye vitabu vyetu vya hisa. Utaratibu ule uliwekwa makusudi, ili hata mwenzetu asiyejua kusoma aweze kuhesabu mihuri yake na kujua ana hisa ngapi. Humu ndani hakuna wa kumdhulumu. Lakini akitoka nje ya kikao mihuri hakuna. Siku hizi fedha zinakuja kwa simu. Mnunuzi wa choroko analipa kwa simu, mtoto aliyeko Mwanza anatuma kwa simu, na hata baadhi ya marejesho yetu yanapita huko huko. Ujumbe ukiingia, mama anaita, "Hebu njoo unisomee hapa."

Anayeitwa ni mtoto. Mtoto huyo akiruka sifuri moja, mama anadhani amelipwa kumbe hajalipwa. Na wale matapeli wenye ujumbe wao wa "ile hela itume kwenye namba hii" hawachagui mji wala kijiji. Nyumba yenye mtoto anayesoma na kuelewa ina mlinzi. Nyumba yenye mtoto wa darasa la nne anayebabaika na herufi iko wazi usiku na mchana. Kwa hiyo, ndugu zetu, kusoma kwa watoto ni sehemu ya usalama wa akiba zetu. Si jambo la kuwaachia walimu peke yao.

Tulikotoka

Wazee waliopo hapa wanakumbuka. Wakati wa Sensa ya 1967, katika kila watu wazima 100 wa Tanzania, kiasi cha 67 hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1968 ulianza mradi wa kisomo chenye manufaa, ambao Serikali yetu iliuendesha pamoja na UNESCO, na makao yake yalikuwa Mwanza. Ulihusu mikoa ya Kanda ya Ziwa: Mwanza, Mara, Ziwa Magharibi ambayo sasa ni Kagera, na Shinyanga. Sisi wa Bariadi tulikuwa ndani ya Shinyanga, maana Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012.

Jambo la kukumbuka ni vitabu vyenyewe. Watu walijifunza kusoma kwa kusoma habari za pamba, ndizi, uvuvi na ufugaji wa ng'ombe, yaani mambo ya maisha yao. Mkulima wa pamba alipotamka neno alilijua tangu zamani. Kilichokuwa kigeni kwake ni ile herufi tu. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kufika 1986 hesabu ya Serikali ilionyesha kwamba wasiojua kusoma wamebaki kama 10 katika kila 100.

Lakini ilionekana mapema kwamba aliyejifunza kusoma, asipopata cha kusoma, anasahau. Ndiyo maana katika miaka ya 1970 likatolewa gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya wasomaji wapya wa kanda hii. Kusoma ni kama jembe. Ukilitundika ukutani linashika kutu.

Sasa tuangalie nyumba zetu. Mtoto anasoma shuleni, na kitabu cha kiada pengine anashirikiana na wenzake kadhaa. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 watoto wamekuwa wengi darasani, na hilo ni jambo jema, lakini vitabu na walimu wanagawanywa kwa wengi. Akirudi nyumbani, hebu tuambiane ukweli, kuna nini cha kusoma? Kalenda ya ukutani na mfuko wa sukari. Jembe limetundikwa.

Aidha, watoto wetu wengi wanaanza darasa la kwanza wakiwa na Kisukuma, na Kiswahili bado kinawapiga chenga. Mtoto anakuwa na kazi mbili kwa mpigo: kujua herufi, na kujua maana ya neno lenyewe. Mtoto wa namna hii anahitaji hadithi nyingi nyepesi, zenye picha, za kusikia na kusoma tena na tena. Kitabu kimoja cha kugombania hakimtoshi.

Vitu vilivyopo tayari

Habari njema ni kwamba vitu vingi vipo, na ni vya bure. Tuvitaje kimoja kimoja.

Kwanza, Taasisi ya Elimu Tanzania, ile inayoandaa mitaala na vitabu, ina maktaba yake mtandaoni. Vitabu vya kiada vimewekwa humo, na mwalimu, mzazi au mwanafunzi anaweza kuvisoma bila malipo.

Pili, upo mradi wa African Storybook ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini. Tovuti yake ilifunguliwa mwaka 2014. Ina hadithi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Sharti lake ni jepesi ajabu: unaruhusiwa kusoma, kupakua, kuchapa kwenye karatasi, kutafsiri, na hata kuweka hadithi yako mwenyewe. India nako kuna mwenzake, StoryWeaver wa shirika la Pratham Books, ulioanza mwaka 2015. Nao una hadithi za Kiswahili.

Tatu, hapa hapa nchini, Ubongo ya Dar es Salaam ilianza mwaka 2014 kurusha katuni za Ubongo Kids, kisha Akili and Me kwa watoto wadogo. Vipindi hivyo vipo kwa Kiswahili, na vinapatikana pia mtandaoni. Shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, kuanzia Machi 2020 hadi mwisho wa Juni mwaka ule, watoto wengi walibaki na redio na televisheni tu kama walimu wao. Waliokosa vyote viwili, miezi mitatu ile ilipita hivi hivi.

Nne, vyombo. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, Serikali iligawa vishikwambi kwa walimu wa shule za umma, vikiwamo vile vilivyotumika kuhesabu watu. Kwa hiyo mwalimu wa kijijini naye anacho kioo cha kufungulia vitabu hivyo.

Basi kinachokosekana ni nini? Kwa kuangalia kwetu, vitu vitatu: bando, umeme wa uhakika, na mtu wa kukaa na mtoto wakati anasoma. La tatu ndilo kubwa kuliko yote.

Somo kutoka Tanga

Wapo wanaosema, mpe mtoto kishikwambi atajifunza mwenyewe. Jambo hili lilijaribiwa hapa nchini, tena kwa kiwango kikubwa. Kati ya 2017 na 2019, katika vijiji karibu 170 vya Mkoa wa Tanga, watoto wapatao 2,700 walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Yalikuwa mashindano ya dunia yaliyoitwa Global Learning XPRIZE, na yaliendeshwa pamoja na Serikali yetu, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Vituo vya kuchaji kwa sola viliwekwa vijijini, na wapo akina mama waliobeba jukumu la kuvitunza.

Wengi wa watoto wale hawakuwa wamewahi kusoma shule. Mwanzoni zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 programu mbili zilitangazwa kuwa washindi kwa pamoja, onebillion ya Uingereza na Kitkit School iliyotengenezwa na Wakorea na Wamarekani.

Tunajifunza nini? Kwanza, chombo kinasaidia, hilo halina ubishi. Lakini tuutazame na upande wa pili. Miezi 15, chombo mkononi, programu zilizochujwa kutoka dunia nzima, na bado karibu nusu ya watoto hawakufikia kusoma neno. Hao walihitaji mtu. Chombo kinaweza kumwonyesha mtoto herufi ya "b" mara mia moja bila kuchoka. Hakiwezi kuona kwamba leo mtoto ana njaa, au amelia, au anabonyeza tu bila kuangalia. Mama anaona.

Mkoa wetu nao una ushahidi wake. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofanya kazi Simiyu na mikoa mingine kuanzia 2014 hadi 2020 kwa msaada wa Uingereza, ulikuwa na mafunzo ya kuwaandaa watoto kuanza shule. Waliowafundisha watoto wale kwa hadithi na michezo walikuwa wasaidizi kutoka katika jamii yenyewe. Na mpango wa Shule Bora, ulioanza mwaka 2022, nao umeuhesabu Mkoa wa Simiyu miongoni mwa mikoa yake. Miradi inakuja na kuondoka, ndugu zetu. Sisi tunabaki hapa.

Tulivyofanya sisi

Tulianza kidogo, kama tunavyoanza hisa. Simu moja ya kisasa ya mwenzetu, memori kadi moja, na mwalimu mmoja aliyekubali kutuelekeza. Utaratibu ni huu.

Siku ya mnada mmoja wetu akienda mjini anaweka bando dogo na kupakua hadithi kadhaa. Hadithi ya picha ni nyepesi sana ukilinganisha na video, kwa hiyo bando la kuangalia video chache linaleta hadithi za kusoma muhula mzima. Zikishapakuliwa hazihitaji tena mtandao. Tunarushiana kwa bluutuu, simu kwa simu, hata kule ambako mtandao unashika ukipanda juu ya jiwe tu. Kitu kimoja kinanunuliwa mara moja na kutumika na nyumba nyingi. Je, si hivyo hivyo tunavyofanya na fedha zetu?

Zile hadithi ambazo watoto wanazipenda zaidi tunazichapa kwenye stesheneri na kuzishona kwa uzi. Karatasi haiishi chaji. Nakala moja inakwenda shuleni kwa mwalimu wa darasa la pili, nyingine inazunguka majumbani kwa zamu, na mwenye zamu anaandikwa kwenye daftari kama anavyoandikwa mkopaji. Anayerudisha imechanika anaishona.

Siku ya kikao watoto wanakaa upande wa pili wa mti. Sisi tunahesabu fedha, wao wanasoma kwa sauti, mkubwa akimsaidia mdogo. Mwanzoni walikuwa wanakuja kwa ajili ya karanga. Sasa hivi wanauliza wenyewe, "Hadithi mpya zimefika?"

Akina mama wasiojua kusoma waliuliza swali la haki kabisa: mimi sijui hata "a", nitamsaidiaje mtoto? Tulikubaliana hivi. Mtoto asome kwa sauti, mama asikilize. Akimaliza, mama amwulize mambo matatu: ni nani aliyetajwa, alifanya nini, na mwisho ilikuwaje. Ajibu hata kwa Kisukuma, mradi maana iwepo. Na kama mama ana wasiwasi kwamba mtoto anakariri kwa kuangalia picha, azibe picha kwa kiganja na kumwambia aonyeshe kila neno kwa kidole. Anayekariri kidole kitakimbia mbele ya mdomo. Kusikiliza hakuhitaji cheti.

Mambo yanayobishaniwa

Hatutaki kuficha kwamba wapo wanachama wenye mashaka, na mashaka yao yana uzito.

Wa kwanza wanasema fedha ya mfuko wa jamii ni ya msiba na ugonjwa, isiguswe. Tunakubaliana nao kabisa. Mwenzetu akifiwa hatuwezi kumpelekea hadithi ya sungura. Ndiyo maana ombi letu halitoki kwenye mfuko huo, kama mtakavyosikia.

Wa pili wanasema simu zitawaharibu watoto, humo mna mambo machafu. Ni kweli yamo. Kwa sababu hiyo simu ya kusomea inakaa na mtu mzima, haina laini, na ndani yake mna hadithi tulizozipakua tu. Shuleni wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu, nasi hatuombi utaratibu huo uvunjwe. Huko chombo kiwe mikononi mwa mwalimu.

Wa tatu wanasema msimu wa pamba ukifika, kuanzia Mei, watoto wako shambani na hakuna atakayesoma. Hili ni gumu kuliko yote, maana pamba ndiyo inayoleta hisa. Jibu letu ni kwamba kusoma kwa robo saa jioni hakuchelewishi pamba. Lakini miezi mitatu bila kusoma inamrudisha mtoto nyuma, na mwalimu anaanza naye upya.

Ombi letu

Mwaka huu tukigawana, kila mwenzetu atapokea jasho lake. Kabla ya siku hiyo, mkutano mkuu utapiga kura juu ya mambo matatu.

La kwanza, kuwe na mchango wa kitabu, mdogo, pembeni ya hisa na pembeni ya mfuko wa jamii, wenye daftari lake na ufunguo wake. Kazi yake iwe bando, kuchapa hadithi, na sola ndogo ya kuchajia. Asiyeweza kutoa fedha atoe uzi, karanga za watoto, au zamu ya kukaa nao.

La pili, tuwaombe walimu, na tunafurahi kuwaona hapa, wakubali kuonana nasi mara moja kila muhula. Watuambie darasa la kwanza na la pili linahitaji hadithi za namna gani, zipi nyepesi, zipi zimewashinda. Kishikwambi cha mwalimu na memori kadi yetu visalimiane. Sisi tulipie bando pale mwalimu anapolipia kutoka mfukoni mwake.

La tatu, na hili ni la bibi zetu. Tumesema African Storybook inaruhusu mtu yeyote kuweka hadithi yake. Tulizosikia jioni kwenye shikome, pale wazee walipokuwa wakiota moto na kusimulia, ziko wapi? Zimo vichwani mwa watu waliopita miaka 70. Tunaomba kila bibi atupe hadithi moja kwa Kisukuma. Vijana waliomaliza sekondari waiandike, waitafsiri kwa Kiswahili chepesi, wenye mkono wa kuchora wachore. Mtoto wa Nkololo au Dutwa akikuta kwenye kitabu ng'ombe, mtama, mto uliokauka na jina kama la shangazi yake, neno atakalokuwa anahangaika nalo litakuwa lile la kwenye karatasi, maana yake ataijua tayari. Ndivyo walivyofanya wa kisomo cha pamba zaidi ya miaka 50 iliyopita, na walifanikiwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, kikundi hiki kilipoanza tuliambiwa wanawake hawawezi kutunza sanduku. Sanduku lipo, na kufuli zake tatu zipo. Leo tunaambiwa mambo ya mtandao ni ya wasomi wa mjini. Vitabu vile havikuwekwa kwa ajili ya wasomi. Vimewekwa kwa ajili ya mtoto ambaye kwao hakuna kitabu, na mtoto huyo ni wa kwetu. Wenye mitambo wamekwisha kufanya sehemu yao, na Serikali imetoa vyombo kwa walimu. Hisa iliyobaki ni ya mama: robo saa kila jioni, mtoto anasoma, mama anasikiliza.

Wenzetu, siku ya kura tusikae kimya. Asemaye ndiyo aseme, mwenye shaka aulize, tuelewane kabla ya kugawana.

Akina mama, oyee!